Mikono ya Kaunta Namba Tatu

Kalekye Nthiwa hakuwahi kulamba kidole mbele ya mteja, na ukitaka kumjua mwanamke huyu, anza hapo. Katika ile supamaketi ya mji wa Wote ambayo wenyeji waliiita kwa Nzioka tu, makeshia wengine walilamba kidole kufungua mfuko wa kaki, wakalamba tena kuhesabu noti, kisha kidole kile kile kikashika mkate wako kana kwamba kimetoka kuogeshwa. Kalekye aliweka kando ya mashine yake kisahani chenye sponji mbichi. Aligusa sponji, akafungua mfuko, akahesabu noti, na aliyetaka kucheka alicheka.

Na walicheka sana, maana watu wa Wote hawana haya ya kumcheka mtu. Walimpa jina la Daktari. Vijana wa bodaboda walipoingia kununua soda waliambiana wapite kwa Daktari wakapimwe presha. Kalekye alijifanya kukasirika, lakini jina lenyewe lilimkaa vizuri na moyoni alilipenda.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu usiobadilika. Nyama ikipita kwenye ule mkanda mweusi unaosogeza vitu, aliusimamisha mkanda, akapuliza dawa, akapangusa kwa kitambaa chekundu, kitambaa ambacho hakikugusa kitu kingine chochote. Nyama iliingia mfuko wake peke yake. Sabuni haikulala na unga hata mteja angesema hajali. Mkate aliushika kwa mkia wa karatasi yake. Maziwa yakivuja hakuyafunikafunika na gazeti kama wafanyavyo wengine. Aliita paketi nyingine, na mteja akangoja.

Hapo kwenye kungoja ndipo palipokuwa na shida. Lakini tutafika.

Alizaliwa upande wa Kathonzweni, mahali ambapo maji hayamwagwi ovyo. Mto wao ulikuwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Mlichimba kwenye mchanga, mkangoja maji yajikusanye, mkateka kwa kata kidogo kidogo hadi mtungi ujae, mkampakia punda. Wageni hudhani kwamba watu wa maji haba ni lazima wawe wachafu. Huo ni ujinga wa mtu aliyezaliwa karibu na bomba. Mwenye bomba huyaacha maji yatiririke akidhani yamemsafisha; mwenye kikombe kimoja anajua kila tone limefanya kazi gani. Mamake Kalekye aliwafundisha watoto wake sita kunawa kwa kikombe kimoja: maji kidogo ya kulowesha, sabuni hadi chini ya kucha na katikati ya vidole, kisha kusuuza taratibu kutoka kwenye kifundo cha mkono kwenda chini. Maji yaliyodondoka yalinywesha mpapai, na mpapai ule ulizaa.

Alipomaliza kidato cha nne hakukuwa na karo ya kuendelea, akaenda kufagia wodi ya akina mama katika hospitali moja. Alifagia miaka sita. Huko alikuwepo muuguzi mkali aitwaye Sista Kanini, mwanamke ambaye hata madaktari walimpisha kwenye korido. Sista Kanini alimwambia kwamba ugonjwa hauna miguu, hutembea kwa mikono ya watu. Kalekye alikuwa ameona vitoto vya siku tatu vikichemka homa kwa sababu ya mkono wa shangazi aliyekuja kusalimia, kwa hiyo maneno hayo hayakuhitaji kurudiwa.

Kisha akaajiriwa kwa Nzioka, akapewa kaunta namba tatu, na hapo akakaa miaka kumi na moja ya maisha yake. Wakati wa korona nchi nzima iligeuka kuwa Kalekye. Mlangoni kukawekwa tangi la maji, sabuni, na mlinzi wa kuwaelekeza watu. Makeshia wakavaa glavu. Mwaka ule hakuna aliyemcheka. Hata meneja alimwomba awafundishe wenzake. Korona ilipotoka midomoni mwa watu, sabuni iliisha kwanza, maji yakafuata, na mwishowe tangi likawa mahali pa kuwekea mifagio. Kalekye peke yake aliendelea, sponji na kitambaa chekundu, kama mtu aliyebaki akiimba baada ya kwaya kukaa chini.

Sasa tuje kwenye kungoja.

Meneja Munyao hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa digrii, mpole kwa wafanyakazi, ila alipenda karatasi kuliko watu. Mashine zilimchapia kila wiki idadi ya wateja ambao kila keshia amehudumia kwa saa moja. Yvonne wa kaunta namba nne, msichana mwepesi mwenye kucha ndefu na kicheko kitamu, alihudumia hamsini. Kalekye alihudumia thelathini na mmoja. Wiki baada ya wiki jina lake lilikaa chini kabisa, na kila asubuhi kwenye mkutano Munyao alisema kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako, akitazama dari ili asimtazame yeye. Kalekye alijibu kimoyomoyo kwamba haraka haraka haina baraka, akaenda kulowesha sponji.

Mwezi mmoja Munyao alimwita ofisini. Alimwambia, kwa adabu yote, kwamba makeshia wanapunguzwa kutoka watano hadi wanne, na anayebaki nyuma atapelekwa stoo kupokea marobota ya unga. Mshahara haungebadilika. Mzee Nzioka mwenyewe angekuja kutoka Kitui Ijumaa ya mwisho wa mwezi kutia sahihi.

Kisha Munyao akamwonyesha mfano wa siku moja. Mteja mmoja, dakika tisa. Aliuliza ni nini hicho.

Kalekye aliikumbuka siku hiyo vizuri. Mteja alikuwa Kavindu, bibi wa miaka themanini na kitu kutoka Nziu, aliyekuja na kiondo chake kutoka duka la dawa za mifugo. Alikuwa amechukua unga paketi mbili kutoka kwenye rafu akautumbukiza humo humo kiondoni, kwa sababu huo ndio mtindo wa akina susu, bibi zetu wa Kikamba: troli ni la watu wa mjini, kiondo ni mkono wao wa tatu. Alipoutoa unga na kuuweka kwenye mkanda, Kalekye alisikia harufu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe. Karatasi ya unga ilikuwa na unyevu chini, alama ndogo tu, ungeweza kusema ni jasho la kiganja. Kalekye alikataa kuuza unga ule. Aliuweka kando, akaagiza mwingine, akaosha mkanda mara mbili, akaitoa chupa ya dawa kiondoni na kuifunga kwenye mifuko mitatu, na akamwambia bibi kwamba chochote kingine kilichokuwa kiondoni kisiliwe. Bibi Kavindu alikasirika kweli kweli. Aliuliza mbele ya watu kama anaonekana mchafu, akaondoka bila kuaga.

Munyao alisikiliza yote hayo na kutikisa kichwa kwa huruma. Akasema anaelewa, lakini karatasi haielewi.

Kalekye hakulala vizuri wiki ile. Si mshahara uliomuuma. Wala hakuogopa marobota. Mgongo wa mtoto wa Kathonzweni umebeba mitungi. Kilichomuuma ni kwamba angeondolewa kwa sababu ya kitu kile kile alichojivunia kuliko vyote maishani. Angekuwa mwizi angeelewa. Angekuwa mvivu angeelewa. Lakini kuondolewa kaunta mbele ya watu kwa kunawa mikono, hilo hakulielewa, na alipolieleza kwenye kikundi cha akina mama kanisani, machozi yalimtoka bila ruhusa yake.

Ijumaa ilifika. Ilikuwa saa kumi jioni, mwisho wa mwezi, watu wamepokea mishahara na foleni zimefika hadi kwenye mafuta ya kupikia. Mzee Nzioka alisimama karibu na rafu ya biskuti, mzee mnene wa kofia, mikono nyuma, Munyao kando yake na karatasi yake. Kalekye aliwaona na hakubadilisha chochote. Aliamua kwamba kama ni kuondoka, ataondoka akiwa yule yule.

Foleni yake ilikuwa na watu kumi na mmoja. Wa nne alikuwa Bibi Kavindu.

Alipofika mbele hakuweka kitu kwenye mkanda. Aliegemea fimbo yake na kuanza kusema kwa Kikamba, kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri ambayo husikika na kila mtu mwingine. Alisema siku ile alifika nyumbani na hasira, akapindua kiondo uani, akakuta chupa ya dawa, ndani ya ile mifuko mitatu, imepasuka kitako na nusu ya dawa ilikuwa imekwisha kumwagika kiondoni. Nyanya alizokuwa ametia chini kabisa zilibingirika nje. Kuku wawili waliodonoa nyanya zile hawakuona jua la kesho yake. Na nyumbani kwake, alisema, wanalala wajukuu watano, na jioni ile walikula ugali wa unga ambao huyu mwanamke alimbadilishia kwa nguvu huku yeye akimtukana.

Kwenye foleni vichwa viligeuka. Hata mashine ya Yvonne iliacha kulia.

"Nimekuja kwa sababu moja," Bibi Kavindu alisema. "Lete mikono, mwana wakwa. Nikuathime."

Kila Mkamba aliyekuwa pale alijua maana yake. Mzee wetu akikubariki kwa dhati, hakupi maneno matupu. Anakutemea mate kidogo kwenye viganja, mate ya asubuhi zote alizoziona, na wewe unapokea kwa mikono miwili. Wapo wachungaji wanaosema hayo ni mambo ya zamani. Lakini hata mchungaji, bibi wa miaka themanini akisema lete mikono, anatoa mikono.

Kalekye alitazama viganja vyake. Mate, kwenye mikono yake, kwenye kaunta yake, mbele ya Mzee Nzioka, na watu saba nyuma wakiwa na mikate na maziwa. Akikubali, kila kitu alichokisimamia miaka kumi na moja kingekwisha hapo hapo. Akikataa, atakuwa amemkataa mama mzee hadharani, na kukataa baraka ya mzee ni kujiitia laana, neno ambalo hakutaka hata kulifikiria. Nyuma ya foleni kijana mmoja tayari alikuwa ameinua simu.

Hakuwaza sana. Alisimamisha mkanda, akazima taa ya kaunta, akasimamisha kile kibao cha "Imefungwa", na akatoka nyuma ya mashine. Alimzunguka bibi hadi pale penye nafasi, mbali na chakula cha watu, akapiga magoti kwenye sakafu ya vigae na kunyoosha viganja vyote viwili.

Bibi Kavindu akamwathima. Alitema kidogo kwenye kiganja cha kulia, kidogo kwenye cha kushoto, akasema mikono hii isikose kazi, isikose chakula, isitetemeke uzeeni. Kalekye alipokea na macho yamefumba. Alisema asante, Susu.

Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye sinki la wafanyakazi lililo karibu na mlango wa stoo, mahali ambapo kila mtu angemwona, akafungua maji kidogo, akachukua sabuni.

Minong'ono ilianza. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kwamba sasa anaosha baraka. Mama mmoja akavuta pumzi kwa uchungu. Kalekye aliwasikia, lakini hakuruka hatua hata moja. Kucha. Katikati ya vidole. Kifundo. Alijiambia kwamba bibi akikasirika tena, basi atakasirika. Kuna watu saba wanaongoja mikono safi.

Bibi Kavindu alimgeukia yule mwanamume, akampima kutoka viatu hadi kichwa.

"Kama baraka yangu inashindwa na kipande cha sabuni," alisema, "basi haikuwa baraka. Mwache anawe."

Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka Kalekye.

Yote yalichukua dakika nne au tano. Yvonne, ambaye foleni yake ilikuwa imeisha, aliita kwa ukarimu kwamba yeye yuko wazi, waje. Wawili walihama, mwanamume mwenye maneno na mwingine aliyekuwa na haraka. Watano wakabaki wamesimama mbele ya kaunta iliyozimwa taa, na nyuma yao wengine watatu wakajiunga.

Mzee Nzioka aliliona hilo. Ni mfanyabiashara, alianza na duka la kiberiti na chumvi kule Kitui, na anajua mteja anayengoja bila kulazimishwa ni mteja wa namna gani. Aliacha rafu ya biskuti, akamwendea mwanamke aliyekuwa wa kwanza sasa, Ikran, mke wa Muktar mwenye hoteli karibu na soko, aliyekuwa na mikate kumi na miwili kwenye troli. Alimuuliza kwa nini hahamii kule kwenye nafasi.

"Mzee, hapa mnauza soseji za nguruwe," Ikran alisema. "Zinapita kwa huo mkanda. Mimi nalisha watu wangu mkate. Ni huyu mama peke yake anapangusa kabla yangu, na sijawahi kumwambia. Alijua tu. Hata kama ni nusu saa, nitangoja."

Munyao alitazama karatasi yake, na kwa mara ya kwanza ilionekana kama haina jambo la kusema.

Kalekye alirudi akipunga mikono ikauke, akapangusa mkanda, akawasha taa. Mzee Nzioka alikuwa amesimama mwisho wa kaunta. Alimuuliza, bila ukali, kunawa na kupangusa kote huko kunamla dakika ngapi kwa saa.

"Kumi, Mzee. Siku ya nyama nyingi, kumi na mbili."

"Na ukiacha?"

Hapo ndipo angeweza kulainisha maneno. Angeweza kusema atajaribu, atapunguza, ataangalia. Alimtazama mzee machoni.

"Siwezi kuacha. Ukitaka nipeleke stoo leo, nitaenda na sitanung'unika. Lakini nikikaa kwa hii kiti, nitanawa."

Alikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu hatimaye alikuwa amelisema na dunia haikuanguka.

Mzee Nzioka alinyoosha mkono, Munyao akampa karatasi. Aliisoma yote hadi chini, kwenye jina la mwisho. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni bila kutoa kalamu. Akamwambia Munyao kwamba makeshia watano watabaki watano. Kisha akamgeukia Kalekye na kumuuliza ni nini kingeifanya foleni hii itembee bila yeye kupunguza maji.

"Mtu wa kunipakia," alisema Kalekye. "Nikiwa na mtu wa kupakia, sitashika mifuko, nitashika mashine tu. Hata Yvonne hatanishinda."

Yvonne alicheka kule kwake na kusema wataona.

Mzee Nzioka akavua kofia, akaikabidhi kwa Munyao, akakunja mikono ya shati. Alisimama pale mwisho wa kaunta kama kijana wa siku ya kwanza kazini, akachukua mfuko wa kaki, na kuunyoosha mkono wake mnene kwenye mkate wa kwanza wa Ikran.

"Mzee," Kalekye alisema. "Mikono kwanza."

Supamaketi nzima ilisikia. Munyao alifumba macho. Mzee Nzioka aliukazia macho mkono wake uliokuwa umesimama hewani, mkono uliojenga duka lile tofali kwa tofali, akaurudisha taratibu. Aligeuka, akapita katikati ya wafanyakazi wake wote na wateja wake wote, hadi kwenye sinki, akafungua maji.

Kalekye hakumwondolea macho. Kazi ni kazi.

"Hata kucha, Mzee," alimwambia.

Mzee akarudia kucha. Nyuma yake Munyao alikuwa ameweka kofia juu ya rafu na kujipanga, mikono ya shati imekunjwa, na nyuma ya Munyao alikuja Yvonne. Kalekye alingoja hadi mwenye duka aliporudi akidondosha maji, akamsogezea mifuko, kisha akamwambia Ikran alete mikate.